Baba alifia Texas, mimi nilizaliwa Ohio: je, ninarithi?

Swali: Mheshimiwa wakili, nilizaliwa Columbus, Ohio, mwaka 1999, wazazi wangu wakiwa hawajafunga ndoa. Baba alihamia Houston, akaoa, na sasa amefariki bila kuacha wosia. Mjane wake anasema mimi si mrithi. Nimepima vinasaba pamoja na baba mdogo kwa kifurushi tulichoagiza mtandaoni, na majibu yanaonyesha kuwa ni damu moja. Kuna mtu anataka dola 900 ili ayasajili majibu hayo Texas. Nimlipe?

Jibu: Usimlipe. Texas haina daftari la kusajili majibu ya vipimo vya nyumbani, na anayekuuzia huduma hiyo anakuuzia hewa.

Karibu kila mwezi naletewa karatasi kama yako, na mwenye kuileta huamini kwamba kazi imekwisha. Haijaanza. Kwanza, hakuna aliyeshuhudia mate yaliyopimwa yakitoka kinywani mwa nani. Pili, na hili ndilo watu hawataki kulisikia, kufanana na baba mdogo kunaonyesha tu kwamba wewe ni wa ukoo ule, kwa kuwa hata mtoto wa ndugu mwingine wa marehemu angepata majibu yanayokaribiana na yako. Mahakama inaweza kuamuru kipimo kifanywe na maabara yenye ithibati, kwa ndugu au hata kwa mabaki ya marehemu, na hicho ndicho kipimo chenye uzito.

Kabla ya kufika huko, tazama cheti chako cha kuzaliwa. Kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1996, jina la baba ambaye hakumwoa mama haliandikwi humo pasipo hati ya kukiri ubaba iliyosainiwa na wazazi wote wawili, au amri yenye nguvu ya kisheria. Jina likiwemo, omba nakala ya hati iliyo nyuma yake huko Ohio. Hati ya kukiri ubaba isiyotenguliwa ndani ya siku 60 ina nguvu ya hukumu, na Texas inalazimika kuitambua bila kuihamisha wala kuisajili upya.

Jina lisipokuwemo, Texas bado inakuruhusu kuthibitisha ubaba baada ya kifo, katika shauri la kutangaza warithi, ila ushahidi wako lazima uwe wa wazi na wa kushawishi. Nyumba ya Houston inafuata sheria ya Texas. Ikiwa ilinunuliwa ndani ya ndoa, nusu ya marehemu huenda kwa watoto wake wote pale mmoja wao anapokuwa si mtoto wa mjane, ingawa mjane anabaki na haki ya kuishi humo. Ikiwa baba aliacha kiwanja Ohio, kiwanja hicho kitafuata sheria ya Ohio.

Vishoka hawa wanajua kwamba mfiwa ana haraka na aibu ya kuuliza, nao humshikilia kwa miezi wakimwahidi muhuri, huku ndugu wa upande wa pili wakiwa wameshafungua shauri na kuapa kwamba marehemu hakuwa na mtoto mwingine. Kwa hiyo, wiki hii hii, uliza katika mahakama ya mirathi ya kaunti ya Harris, ndiko iliko Houston, kama kuna jalada lenye jina la baba yako. Likiwepo, mwombe wakili mwenye leseni ya Texas aingize pingamizi kabla mali haijagawanywa, kwa maana kudai fedha ambazo ndugu wameshazitumia ni kesi nyingine kabisa, ndefu na ya gharama kubwa.