Zamu ya maji saa nane usiku

Swali lenu la wiki hii linasema: sikukuu zimepita, wageni wameondoka na mifuko imetoboka, ni raha gani ndogo inayoichangamsha familia yako katika wiki hizi za baada ya Krismasi? Nimelisoma nikiwa jikoni namenya ndizi mshare, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, na jibu likanitoka hata sijafika mwisho wa swali. Raha yetu ni zamu ya maji ya saa nane usiku.

Naishi Kilema, upande wa Vunjo, mkoani Kilimanjaro, kwenye kihamba cha wakwe zangu, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa. Mume wangu ni kitinda mimba wa kiume, na kwa mila ya huku huyo ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Kwa hiyo Desemba ikifika, sisi ndio tunaofikiwa. Mnajua wenyewe Wachaga na Krismasi. Wanapanda kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma, kila mwenye gari na kila mwenye nauli, na migombani kunakuwa na taa na vicheko mpaka usiku wa manane. Safari hii tulilala watu ishirini na watatu. Magodoro yalifika mpaka stoo ya kahawa.

Desemba naipenda, na ndugu wa mume wangu nawapenda kama wa tumbo moja. Lakini Desemba nyumba inageuka ukumbi. Unapika chakula usichokionja. Unaulizwa jambo ukiwa umegeuka, unajibu ukiwa umeshafika kisimani. Baba mkwe wangu ametimiza miaka themanini na miwili, na masikio yake hayashiki tena sauti nyingi kwa pamoja. Alikaa wiki mbili barazani akitabasamu na kuitikia kwa kichwa. Watoto wake waliona amenyamaza kwa furaha, na furaha ilikuwapo kweli, usoni ilionekana. Mimi ninayekaa naye mwaka mzima nilijua pia kwamba alikuwa hasikii.

Walianza kuondoka tarehe 2, wa mwisho wakaondoka tarehe 5 alfajiri, buti la gari limejaa mikungu ya ndizi, parachichi, maharage, na dumu la mbege lililofungwa kwa nailoni mara tatu. Siku ya namna hii ina raha yake, nayo ni Baba na simu yake ya kitochi. Anazima redio, anakaa pale kwenye kiti chake, kila baada ya muda anapiga.

“Mmefika wapi?”

“Same, Baba.”

“Wako Same,” anatutangazia sisi tuliopo uani, kama vile tumeuliza.

Halafu Mombo. Halafu Korogwe. Ujana wake alikuwa utingo wa lori, njia hii anaijua kwa magurudumu na kwa miguu, na kila kituo anachotajiwa anakiongezea neno: Segera, ndipo njia ya Tanga inapochepuka, Chalinze, ndipo unapokutana na magari ya Morogoro. Binti yetu mkubwa hukaa chini karibu naye na kumsaidia kubonyeza. Jioni walipotuambia wamefika Mbezi salama, Baba alisema, “Haya, mae, lete chakula,” na ndipo nikakumbuka kwamba tangu uji wa asubuhi alikuwa hajatia kitu mdomoni.

Siku zilizofuata zilikuwa za kurudisha vyombo. Sufuria kubwa mbili ni za jumuiya, viti vya plastiki ni vya jirani wa juu, beseni la kunawia ni la shemeji wa jirani wa chini. Huku chombo hakirudi kitupu. Ukipeleka sufuria unaweka ndani maparachichi mawili matatu au kisonzo cha maharage, na mwenye sufuria naye hakuachii urudi mikono mitupu. Nimezunguka na ndoo siku tatu, kila nyumba nimekaa, kila nyumba tumeulizana wageni wameondokaje. Wanawake wote tulikuwa na macho mekundu ya moshi na sauti zimekauka, na tulikaa tu kwenye vigoda, miguu tumeinyoosha, hakuna anayemharakisha mwenzake. Sijui kama ndugu zetu wa mjini wanajua kwamba ujirani wetu unafufuka wiki hiyo.

Nyumbani nako nikafagia. Chini ya vitanda nilikuta chaja tatu, kandambili moja ya mguu wa kushoto, na daftari la kuchorea la mtoto wa wifi yangu. Kwenye ukurasa mmoja kamchora Babu yake kwenye kiti, peke yake, na watu wengine wote wamesimama upande wa pili wa karatasi. Ana miaka saba. Nilikaa kitandani na ile picha kwa muda mrefu. Nimeihifadhi kwenye Biblia, nitamrudishia Desemba nikiwa na la kumwambia.

Mtori nao niuseme. Desemba tunapika mtori wa sufuria za jumuiya, ni mwingi, unaungua chini na unapoa juu. Mtori wa Januari unatokana na mifupa. Nyama yenyewe imekwisha, imebaki mifupa ya miguu ambayo Baba aliining'iniza juu ya moshi. Naichemsha tangu saa sita mchana kwa kuni za mibuni, maana wiki hizi mavuno ya kahawa yameisha na mume wangu anapogoa, kwa hiyo kuni zipo. Ndizi mshare nazitumbukiza supu ikishakuwa nzito, kitunguu, zikilainika naziponda kwa mwiko wa mti mpaka hakuna bonge hata moja. Jioni tunakaa watano: Baba, mume wangu, mimi na mabinti wetu wawili. Kimya kinakuwapo. Kijiko kinasikika. Na ndani ya kimya hicho Baba anaanza kuongea, taratibu, mambo ambayo wiki mbili nzima alikuwa nayo mdomoni hakupata pa kuyaweka. Mwaka huu kasimulia jinsi lori lao lilivyokwama Mkomazi siku nne kwa mafuriko. Mume wangu ana miaka arobaini na sita na alikuwa hajawahi kuisikia.

Fedha, ndiyo, hakuna. Mume wangu ni fundi umeme, na Januari watu hawavuti nyaya. Binti mkubwa anaanza kidato cha kwanza. Tangu mwaka 2016 ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne ilishafutwa, na tunashukuru, ila sketi mbili, mashati, viatu, sweta na madaftari vyote ni vya mzazi. Usiku mmoja Baba aliniita chumbani kwake akanipa bahasha aliyopewa na watoto wake Krismasi, haijafunguliwa. Nikakataa. Akasema, “Mimi nitanunua nini, mwanangu? Nenda Himo kanunue kitambaa.” Nilishona zile sketi mwenyewe, na kwenye pindo la chini nimeacha inchi mbili za kushushia mwakani.

Sasa maji. Kwa msomaji wa mbali: mfongo ni mfereji. Mababu waliyatega maji ya mito juu kwenye makorongo, wakayatembeza ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo sana, mpaka yakafika vihambani. Mifongo ilikuwapo kabla ya kahawa na kabla ya wamisionari. Kila mfongo una wazee wake, na wazee ndio wanaopanga zamu. Siku ya kuuzibua kila nyumba hutoa mtu na jembe. Nyumba isiyotoa mtu hulipa faini au hurukwa. Mvua za vuli zikishakatika, Januari na Februari jua linakuwa kali, masika bado yako mbali, na hapo mgomba usiponyweshewa unakunja majani kama mwavuli. Mchana maji yanagawanywa kwa wengi na yanafika yakiwa machache. Usiku ukipata zamu, mfongo mzima ni wako.

Zamu yetu ya saa nane ilikuwa ya mama mkwe wangu. Yeye ndiye aliyekuwa akiamka, miaka yote, na nilipoolewa alinichukua. Mara ya kwanza nilikwenda nikiwa na hasira ya usingizi. Alizima tochi, akanishika mkono, akaniambia, “Usiyatafute kwa macho. Sikiliza.” Maji yanapokuja kwenye mfereji mkavu yanasukuma mbele yake majani makavu ya migomba, na yale majani yanakwaruza chini kama mtu mzima anayetembea kwa kandambili. Unayasikia kabla hayajafika, hatua mia nzima. Halafu vyura wanaanza, sijui huwa wamejificha wapi. Halafu ubaridi unakugusa vidole.

Alifariki miaka miwili iliyopita. Amelala hapa hapa kihambani, chini ya kichaka cha masale, mmea wa heshima kwa Wachaga, na Desemba watoto wake walimpaka chokaa kaburi wakamwekea maua. Mimi maua yale nimeyatoa yalipokauka. Ilipofika siku ya arobaini ya msiba wake niliwaza kuwaomba wazee watubadilishie zamu, watupe ya asubuhi. Mume wangu akasema tuiache. Nashukuru aliiacha.

Mwaka huu zamu ya kwanza iliangukia usiku wa kuamkia tarehe 12, Sikukuu ya Mapinduzi, kesho yake hakuna kazi wala shule, kwa hiyo mabinti wote wawili walituomba waje. Mdogo ana miaka tisa, ndiyo mara yake ya kwanza. Nilimvisha sweta la dada yake na buti zangu za mvua. Mume wangu alitangulia juu kufungua, na jembe na kipande cha shina la mgomba cha kuzibia upande wa jirani. Tulisubiri gizani, sisi watatu, mimi katikati. Mlima ulikuwa wazi kabisa, kama unavyokuwa wiki hizi kabla ya mawingu ya saa nne. Kibo ilionekana nyeupe hata bila mwezi. Nikazima tochi. Nikamwambia mdogo kama nilivyoambiwa.

Alisimama akiwa ameshika pumzi. Mara akanibana mkono: “Mama, kuna mtu anakuja.” Dada yake akacheka kwa sauti ya chini, akamwambia, “Ni yenyewe.”

Tukafanya kazi mpaka saa kumi na moja. Unafungua njia kwa jembe, unasubiri shimo la mgomba lijae, unaziba, unafungua la pili. Mibuni inapata, magimbi yanapata, viazi vikuu pia. Katikati ya kazi niligeuka nikamwona Baba amesimama karibu na kaburi, kajifunga blanketi, fimbo mkononi. Hakuna aliyemwita. Nikamfuata, nikamwambia arudi ndani, kuna umande. Akasema, “Nimeyasikia.” Akiwa kitandani, na masikio yale, aliyasikia maji yakipita nyuma ya ukuta wa chumba chake. Nikamletea kigoda, tukamwacha akae.

Kuna jambo moja nilisahau kuwaambia. Mwisho wa Desemba, kabla ya kuondoka, Baba aliwapa wajukuu wa mjini jembe, kila mmoja akapanda chipukizi la mgomba kwenye mstari wa chini, ardhi ikiwa bado na unyevu. Yule mtoto wa daftari alipanda la mwisho, karibu na ua wa masale. Machipukizi yote yalishika, la kwake likawa linasuasua. Usiku ule binti yangu mdogo hakutaka kuondoka pale. Alilijazia maji, yakanywea, akalijazia tena, mpaka zamu ikaisha na maji yakaenda kwa jirani.

Kulipopambazuka, kabla hajavua buti, alichukua simu ya Babu akampigia binamu yake Dar es Salaam. Nilikuwa nakoka moto, nikawa namsikia anaeleza kila kitu: giza, majani yanayotembea, vyura, Babu na blanketi lake. Upande wa pili yule mtoto aliuliza swali moja tu, kama chipukizi lake lilikunywa.

Tangu siku hiyo anapiga kila Jumapili baada ya misa, na Baba ndiye anayempa taarifa. Anaweka simu kwenye sikio la kulia, lile zima, na wanaongea wawili tu kwa muda ambao salio linaruhusu. Juzi alikuwa na habari ya kumpa. Jani la kwanza limefunguka, na zamu yetu inarudi Alhamisi.