Kabla hamjakata mwembe wa kiwanjani

Assalaam alaykum jamani. Toka uwanja wa Amaan kule Unguja ufunguliwe upya Disemba 2023, na sasa AFCON 2027 inakuja huku kwetu Afrika Mashariki, kila shehia inataka kiwanja cha maana. Nafurahi sana kwa hilo, ila nimekaa kwenye kamati ya kiwanja hapa Pemba na kuna mambo yaliniuma.

Pembeni tulikuwa na miembe miwili mikubwa, wazee wakiangalia mpira pale toka sisi watoto wadogo. Fundi akasema inazuia jukwaa, tukaikata, na mimi nilinyoosha mkono kukubali. Jukwaa likaja zege tupu, saa tisa ukikaa linakuunguza mapaja, wazee wakahama. Kama kwenu kuna mti basi jukwaa liufate mti.

Halafu maji, hapa nawaomba mnisikilize. Upande wa wageni uliezekwa bati bila ya mlizamu wala tangi, masika ilipoingia maji yote yakawa yanaporomokea kiwanjani, na udongo wetu mnaujua, mwekundu, unachukulika, mbele ya goli moja likachimbika shimo la kufika magotini, na kiangazi tukawa tunamwagilia nyasi kwa maji ya mfereji tuliyoyalipia wakati yale ya mvua tuliyaachia yatuharibie! Baadae tukachangishana, ukawekwa mlizamu na tangi moja, kazi ya siku mbili tu, sasa hata udhu watu wanatilia hapo hapo, mpira ukisimama magharibi.

Na msione haya kutumia vilivyopo. Uwanja wa Olimpiki wa London 2012 paa lake lilitumia mabomba ya gesi yaliyobaki kwengine, na katika viti 80,000, viti 55,000 vilipangwa toka mwanzo kuwa ni vya kuondolewa. Sisi tulinunua matofali mapya na huku mawe ya skuli ya zamani yamelala pale pale.

Kina mama waulizeni mapema, si siku ya ufunguzi. Kwetu wanafanya mazoezi baada ya alfajiri, choo kilikuwa kimoja na mlango hauna hata komeo, wengi wakaacha kuja mpaka tulipojenga chengine.

Miembe tumepanda mingine mitatu, mwaka wa pili huu, imenifika kifuani. Kila alasiri kuna mtoto wa zamu anaitilia maji ya tangi.