Siku ya adhabu, simu ya mama mdogo haikunyamaza

Jaji alimaliza kusoma saa tano kasoro. Kabla hatujafika kwenye ngazi za mahakama, simu ya mama mdogo ilikuwa imeita mara saba. Aliyempata wa kwanza hakusalimia hata. "Miaka kumi na miwili tu? Wamewadhulumu!" Mama mdogo, ambaye kwa miaka mitatu hakukosa siku hata moja ya kesi ile, alimjibu "asante," akakata. Asante ya nini, hata yeye hakujua.

Aliyeuawa ni mwanawe, mdogo wangu. Sitataja jina lake wala la aliyemuua, maana pande zote mbili zina watoto wanaosoma. Niseme tu kwamba kwa wiki kadhaa kesi ilivuma, kila mtu alikuwa na lake la kusema, kisha ukaja mjadala mwingine tukaachwa na wetu.

Naandika kwa sababu kila adhabu inapotoka katika kesi kubwa ya mauaji, naona watu wakifanya yale yale. Na siwezi kuwasema sana, kwa kuwa nilikuwa mmoja wao.

Tarehe 21 Oktoba 2014, Jaji Thokozile Masipa alimfunga Oscar Pistorius, mkimbiaji maarufu wa Afrika Kusini, miaka mitano kwa kifo cha mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Kesi hiyo ilirushwa moja kwa moja kwenye televisheni, nami niliifuatilia kama mtu anayefuatilia mpira. Risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa, usiku wa kuamkia Siku ya Wapendanao ya 2013, na huyu anapewa miaka mitano? Niliandika kwa hasira kwamba sasa tunajua bei ya mwanamke. Watu wengi walisambaza maneno yangu na nilijisikia vizuri. Aibu yake nimeijua baadaye.

Si kwamba hasira ilikuwa haramu. Tatizo langu ni kwamba sikujua nimekasirikia nini.

Lugha yetu nayo inachangia. Tunasema "hukumu imetoka" na neno hilo moja linabeba siku mbili tofauti. Ipo siku mahakama inasema mshtakiwa ana hatia au hana, na kama anayo, ni ya kosa gani. Kisha ipo siku nyingine, pengine wiki kadhaa baadaye, ambapo inasema atumikie nini. Siku ya kwanza ndiyo inayoamua karibu kila kitu, kwa sababu kosa likishatajwa, sheria imeshamwekea jaji uzio. Sisi tunakuja kupiga kelele siku ya pili.

Kwa Pistorius, siku ya kwanza ilikuwa Septemba 12, 2014. Masipa alimwondolea shtaka la kuua kwa kukusudia, akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Kwa kosa hilo, miaka mitano haikuwa kioja. Ulikuwa na ugomvi na miaka mitano? Basi ugomvi wako halisi ulikuwa na Septemba, haukuwa na Oktoba. Upande wa mashtaka ulilielewa hilo. Ulikata rufaa kwa hoja ya kisheria: mtu anayefyatua risasi nne kwenye mlango wa chumba kidogo anajua aliye ndani anaweza kufa, awe nani awe nani, na akafyatua hivyo hivyo. Desemba 3, 2015 Mahakama Kuu ya Rufaa ya Afrika Kusini ilikubali, kosa likageuka kuwa mauaji. Kilichopindua mambo ni hoja hiyo. Andiko langu la bei ya mwanamke halikusogeza hata karatasi.

Kesi ikarudi kwa Masipa apange adhabu upya, na Julai 6, 2016 akatoa miaka sita. Hapa sasa nawapa haki yao waliopiga kelele. Sheria ya huko inaweka miaka 15 kuwa kima cha chini kwa mauaji ya aina ile, isipokuwa jaji aone sababu nzito za kushuka chini yake. Yeye aliziona. Mahakama ya rufaa haikuziona, na ilisema wazi kwamba miaka sita ni adhabu nyepesi ya kushtusha. Novemba 24, 2017 ikampa miaka 13 na miezi mitano. Kwa hiyo sikwambii umma hukosea siku zote. Nakwambia kelele za 2014 na kelele za 2016 zilifanana sauti lakini zilikuwa juu ya mambo mawili, na wachache sana kati yetu tulijua tofauti.

Halafu tulimtukana jaji. Si mimi peke yangu, ila na mimi nilikuwemo. Mwanamke mweusi aliyewahi kuwa mwandishi wa habari enzi za ubaguzi wa rangi, akasoma sheria ukubwani, tukamwandikia maneno ambayo tusingethubutu kuyatamka mbele ya mama zetu. Mahakama za Afrika Kusini zina kipimo cha tangu kesi ya Zinn ya 1969: jaji anapima kosa, anampima mkosaji, anapima na maslahi ya jamii. Maslahi ya jamii hayapimwi kwa ukubwa wa makelele ya jamii. Jamii inaweza kutaka damu Jumatatu na Ijumaa imesahau jina la marehemu.

Haya, tuje kwenye hesabu, kwa sababu hapo ndipo watu wanapotapeliwa zaidi na vichwa vya habari.

Ile "miaka 13 na miezi mitano" iliwachekesha wengi. Miezi mitano ya nini? Ni miaka 15, ukitoa muda aliokwisha kutumikia. Hivyo tu. Kwa mdogo wangu ilikuwa kinyume: jaji alitamka kumi na miwili, akasema mitatu ya mahabusu ihesabiwe, na kufikia jioni mtaani kulikuwa na kambi mbili, moja ikisema kumi na miwili na nyingine tisa, zinabishana kama zilisikiliza majaji tofauti. Ukisikia idadi ya miaka, uliza inaanza kuhesabiwa lini. Uliza pia kama makosa yalikuwa zaidi ya moja na kama vifungo vinakwenda pamoja au kimoja kinasubiri kingine kiishe. Miaka kumi na kumi inaweza kuwa kumi, inaweza kuwa ishirini.

Uliza na sheria ilianzia wapi. Derek Chauvin, polisi aliyemuua George Floyd huko Minneapolis, Marekani, alipewa miaka 22 na nusu na mahakama ya jimbo mwezi Juni 2021. Siku ile nilisoma watu wakisema ni kidogo mno na wengine wakisema ameonewa, wote wakitumia namba hiyo hiyo. Wachache walitaja kwamba mwongozo wa jimbo la Minnesota kwa mtu asiye na rekodi ya uhalifu ulianzia miaka 12 na nusu, na kwamba waendesha mashtaka waliomba 30. Ukiwa na namba hizo mbili pembeni, unaona jaji alisimama wapi na alipanda kiasi gani. Bado unaweza kukasirika. Ila sasa hasira yako ina anwani.

Kesi nyingine niliyojifunza kwayo ni ile ya Kenya, ya wakili Willie Kimani. Februari 3, 2023 mahakama ilitoa adhabu nne kwa watu wanne waliotiwa hatiani kwa mauaji: mmoja kifo, mwingine miaka 30, mwingine 24, wa mwisho 20. Kosa lile lile, adhabu mbalimbali. Watu waliuliza inawezekanaje, wakati jibu lilikuwa kwenye hukumu yenyewe: kila mtu alipimwa kwa alichofanya. Zamani isingekuwa hivyo. Mpaka Desemba 2017, mauaji nchini Kenya yalikuwa na adhabu moja tu, kifo, jaji apende asipende. Mahakama ya Juu ndiyo iliyoondoa ulazima huo. Na waliosherehekea kitanzi siku ile pengine hawakujua kwamba Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987.

Kuna kinachonisumbua zaidi katika kesi ile, ingawa kinatoka kidogo nje ya njia. Tunaiita kesi ya Willie Kimani. Waliouawa walikuwa watatu: wakili, mteja wake Josephat Mwenda, na dereva wa teksi, Joseph Muiruri, aliyekuwa kazini tu. Kila nikisikia mtu anapiga kelele za haki kwa kesi hiyo natamani kumwuliza jina la dereva.

Turudi kwa mama mdogo. Jioni ya siku ya adhabu alinyang'anya simu ya binti yake akasoma maoni ya watu. Nilijaribu kumzuia, hakunisikia. Alikaa nayo kama saa nzima. Waliotaka mwuaji anyongwe hawakumwumiza. Waliomwumiza ni wale waliogeuza miaka kumi na miwili kuwa thamani ya mwanawe. "Kumbe alikuwa wa miaka kumi na miwili," alisema, akairudisha simu. Nikaikumbuka ile bei ya mwanamke yangu. Wazazi wa Reeva walikuwa na macho na walikuwa na simu.

Kwa hiyo, kama unamfahamu mfiwa wa kesi kama hii, usimpigie siku hiyo kumpa maoni yako juu ya miaka. Anaijua. Aliisikia kabla yako, akiwa ameshika ubao wa benchi. Usimwambie amedhulumiwa, kwa sababu unamkabidhi kazi ya kukuliwaza wewe. Na tafadhali usimwambie asamehe. Barry Steenkamp, baba yake Reeva, alikubali kukutana uso kwa uso na Pistorius mwaka 2022, miaka tisa baada ya mauaji, kwa muda wake mwenyewe, kupitia utaratibu wa magereza. Miaka tisa. Wewe unampigia mtu simu saa sita mchana ya siku ile ile.

Usimwambie pia kwamba sasa yamekwisha, kwa sababu hayajakwisha. Hili sikulijua mpaka yakatukuta. Mfungwa ana haki ya rufaa, na wa kwetu aliitumia. Rufaa ilichukua mwaka mmoja na nusu, ikitajwa na kuahirishwa, na kila ikitajwa mama mdogo alikuwa hali chakula siku mbili kabla. Hata rufaa ikiisha, kuna siku ya paroli, yaani kuachiwa kwa masharti kabla kifungo hakijaisha. Pistorius alipotoka Januari 5, 2024, dunia ilishtuka upya kana kwamba ametoroka, wakati sheria ya kwao inamruhusu mfungwa kufikiriwa baada ya nusu ya kifungo, na kifungo chake kinaendelea nje kwa masharti mpaka 2029. Familia huwa inaijua tarehe hiyo miaka kabla.

Muulize mambo ya kawaida. Katika watu wote waliotuzunguka, ni jirani mmoja tu aliyeuliza swali lililokuwa na maana: pikipiki iko wapi? Mdogo wangu aliuawa akiwa na pikipiki ambayo alikuwa bado analipia mkopo. Ilichukuliwa kama kielelezo cha ushahidi. Kesi ikaisha, bado ni kielelezo, kwa sababu rufaa ipo. Imeegeshwa nje, mvua yake, jua lake, na mkopo unadaiwa kwa mama yake. Huku nje watu wanabishana kumi na miwili au tisa, na hakuna aliyetuambia kwamba familia inaweza kuandika barua kuomba kielelezo kipigwe picha na kurudishwa. Yule jirani alilijua kwa sababu aliwahi kuwa karani. Alikuja na kalamu.

Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba tusubiri rufaa.

Siku rufaa ilipotupiliwa mbali hakuna aliyepiga simu. Haikuwa habari tena. Tulikuwa watu watatu mahakamani upande wetu, na upande ule mama mmoja peke yake, mama wa mfungwa, ambaye kwa zaidi ya miaka minne tulikuwa tukikaa naye korido moja bila kusalimiana. Wakati wa kutoka, mama mdogo alimshikia mlango. Hawakuzungumza, na sitajifanya kwamba kulikuwa na zaidi ya hapo.

Wiki iliyofuata tulikwenda na jirani kuchukua pikipiki. Matairi yote mawili yalikuwa yameshuka na ufunguo haukuwa umeandikwa popote kwenye daftari lao. Tulisaini, tukaisukuma mpaka nyumbani kwa zamu.