CML: kupewa vidonge na kurudishwa nyumbani si kukatiwa tamaa

Mkuu, pole kwa mshtuko. Umeuliza kwa nini mdogo wako wa kike, baada ya kuambiwa ana saratani ya damu aina ya CML, amepewa vidonge vya imatinib na kurudishwa nyumbani bila dripu wala mionzi, na kama muuze shamba mumpeleke India. Mimi natumia vidonge hivyohivyo, kwa hiyo naongea ninachokiishi. Hawajamkatia tamaa. Shamba liacheni kwanza.

Kemo ya dripu hushambulia kila seli inayojigawa haraka, mbaya na nzuri, ndiyo maana nywele zinanyonyoka na mdomo unatoka vidonda. CML ina mlango mwingine. Mwaka 1960 watafiti wawili wa Philadelphia, Nowell na Hungerford, waliona kwenye seli za wagonjwa hawa kromosomu (uzi unaobeba jeni ndani ya seli) moja fupi isivyo kawaida. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha kilichotokea: kipande cha kromosomu namba 9 na kipande cha namba 22 vimebadilishana mahali. Pale vilipoungana pamezaliwa jeni mpya, BCR-ABL, na protini yake inauamuru uboho utoe chembe nyeupe bila kukoma. Ni swichi ya pampu iliyonasa: tangi limejaa, maji yanamwagika, pampu bado inavuta. Imatinib inakwenda kukaa kwenye tundu la protini hiyo na kuizima. Kosa lenyewe hutokea kwenye seli moja ya uboho katika maisha ya mtu. Halirithiwi, kwa hiyo wale wanaonong'ona kwamba ni laana ya ukoo waambieni wanyamaze.

Marekani iliiruhusu dawa hii Mei 2001. Katika utafiti mkubwa ulioilinganisha na matibabu ya zamani, takriban 83% ya walioanza na imatinib walikuwa hai baada ya miaka 10. Tangu 2015 iko kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu. India wana wataalamu wazuri, sikatai, ila kidonge cha kuanzia huko mara nyingi ni hikihiki. Kuhusu gharama, muulizeni daktari wa magonjwa ya damu habari za The Max Foundation. Ni shirika linalosaidia wagonjwa wa CML kupata dawa bure katika nchi nyingi, zetu zikiwemo, na maombi hupitia kwa daktari.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo watu wanapopotelea. Baada ya wiki kadhaa bandama inanywea, ule uzito wa tumbo upande wa kushoto unaondoka, jasho la usiku linakauka, na FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, inasoma chembe nyeupe za kawaida. Mtu anajiona amepona, anaanza kuruka dozi. Mwaka 2010 madaktari wa hospitali ya Hammersmith, London, walichapisha utafiti wa wagonjwa 87 ambao vifuniko vya chupa zao za dawa vilikuwa vinarekodi kila zinapofunguliwa. Waliomeza zaidi ya 90% ya dozi zao, karibu wote ugonjwa ulishuka hadi kiwango kinachotakiwa ndani ya miaka 6. Waliobaki chini ya hapo, hawakufika hata theluthi. Asilimia 10 ni vidonge vitatu tu kwa mwezi! Safari ya msibani bila pakiti kwenye mkoba, na umevimaliza.

Ndiyo maana FBP pekee haitoshi. Aulizie PCR ya BCR-ABL, inayohesabu mabaki ya ugonjwa ambayo darubini haiyaoni. Inatakiwa iwe 10% au chini kufikia miezi mitatu, na 0.1% au chini kufikia mwaka. Ikigoma kushuka, au ikipanda tena, daktari kwanza atauliza kama anameza, halafu atatafuta mabadiliko kwenye jeni. Zipo dawa nyingine, dasatinib na nilotinib, na kwa badiliko sugu liitwalo T315I kuna ponatinib. Asciminib, iliyoruhusiwa Marekani 2021, inashika protini ileile sehemu nyingine kabisa.

Kuhusu kumeza: chakula kwanza, tena chakula cha kushiba, halafu kidonge na glasi kubwa ya maji. Kikikuta tumbo tupu utakijua kwa kichefuchefu. Asubuhi kope huvimba kama mtu aliyelia usiku kucha, na usiku misuli ya vigimbi inakaza hadi unasimama kitandani. Amwambie daktari, lakini asiache dawa kwa sababu hiyo. Mwezi wa Ramadhani mimi nameza baada ya futari, daktari wangu aliafiki. Akianzishiwa dawa za TB, daktari wake wa damu ajulishwe haraka, maana rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, inashusha sana nguvu ya imatinib. Na chupa za mizizi za mashangazi, kila moja iende kliniki ikaonekane kabla hajainywa.

Umegusia pia kwamba ana mchumba. Kuolewa aolewe. Mimba ndiyo asibebe akiwa kwenye dawa hii, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto. Atumie uzazi wa mpango. Baadhi ya wagonjwa ambao PCR yao imekaa chini kabisa kwa miaka huruhusiwa kusimamisha dawa chini ya uangalizi wa karibu, na kuna wanawake wanaotumia nafasi hiyo kuzaa. Aanze kulizungumza na daktari wake mapema, na mchumba awepo.