Gari la zamani linachemsha kwenye foleni: maswali na majibu

Safu ya leo ni ya ugonjwa mmoja: gari la zamani linalochemsha mjini. Kabla ya kujibu, niweke msingi ambao nitauegemea mpaka mwisho. Gari likichemsha limesimama, anza kutafuta hewa. Likichemsha linapokimbia, anza kutafuta maji. Ukiujua mstari huo, fundi hatakuuzia kifaa usichokihitaji.

Shikamoo fundi. Nina Peugeot 504 niliyorithi kwa mzee. Mombasa mpaka Voi mshale wa joto hautikisiki, ila kwenye foleni ya feri ya Likoni unapanda mpaka kwenye wekundu. Naambiwa ninunue rejeta mpya.

Marahaba. Hela ya rejeta iache mfukoni kwanza. Rejeta iliyoziba isingekufikisha Voi kwa amani. Barabarani upepo wa mwendo unapita wenyewe kwenye rejeta. Ukisimama, kazi yote inabaki kwa feni.

Na feni ya 504 nyingi ina utaratibu wake. Haishiki muda wote. Kwenye puli ya pampu ya maji kuna sumaku ya umeme. Maji yakipata moto, swichi ya joto inapeleka umeme kwenye brashi ndogo ya kaboni, brashi inagusa puli, sumaku inaikamata feni. Kaboni ikilika au waya ukikatika, feni inazunguka kivivu tu na wewe unaiona inazunguka, unadhani iko sawa.

Pima hivi: zima injini, chomoa waya unaokwenda kwenye brashi, kisha ipelekee brashi umeme moja kwa moja kutoka chanya ya betri. Ukisikia "tak", sumaku inashika, basi mkosaji ni swichi, fyuzi au waya. Usiposikia kitu, fungua brashi uangalie kama kaboni imebaki. Ni kipande kidogo na bei yake haikaribii ya rejeta. Wapo mafundi wanaoifunga feni ishike moja kwa moja. Utapata kelele zaidi na utachoma mafuta kidogo zaidi, lakini kwa joto la Mombasa simlaumu mtu.

Halafu pale Likoni, foleni ikiganda, zima injini. Ukiiwasha tena mshale utakuwa umepanda kidogo kwa sababu pampu ilikuwa imesimama, joto likakusanyika kwenye hedi. Utashuka wenyewe maji yakianza kuzunguka.

Fundi wangu ameitoa thamostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) kwenye Datsun 1200 yangu, anasema nchi zetu za joto hazihitaji kitu hicho. Ni kweli? (Mbagala)

Si kweli, na laiti ningeweza kulibandika jibu hili kwenye kila gereji. Thamostati haikuwekwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya peke yake. Injini ina joto lake la kufanyia kazi. Bila thamostati, usiku kwenye barabara nyeupe inakimbia ikiwa baridi: mafuta hayachomeki vizuri, unyevu unabaki kwenye oili, pistoni na silinda zinalika mapema. Tena kuna injini ambazo thamostati ikifunguka huziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa kwenye injini kama hizo, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Umetibu homa kwa kuiongeza.

Kama unaishuku iliyokuwemo, ipime jikoni. Banisha uzi kwenye mdomo wa vali yake, ining'inize ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini, weka kipimajoto, washa jiko. Iliyoandikwa 82 inatakiwa ianze kufunguka maji yakiwa karibu nyuzi 82. Uzi utaachia, thamostati itadondoka. Maji yakichemka nayo bado inaning'inia, tupa, nunua nyingine. Kama ina tundu dogo la kutolea hewa, lielekeze juu unapoifunga.

Land Rover Series III yangu haisumbui sana Mombasa, ila nikiwa Nairobi inatema maji. Nimeshauriwa nifunge mfuniko wa rejeta wa presha kubwa. (Athi River)

Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na kwa urefu huo maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 badala ya 100. Mfuniko ndio unaokuongezea nafasi: kila paundi moja ya presha inapandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi kama moja na nusu. Kwa hiyo springi ya mfuniko ikichoka, Nairobi itakuumbua kabla ya Mombasa. Weka mpya, lakini wa kipimo kilekile cha kiwandani. Ukiweka mkali zaidi, rejeta ya shaba ya umri huo itapasuka kwenye maungio, au hosi itaachia.

Wakati huohuo, mwagia maji rejeta kutoka upande wa injini kwenda mbele. Land Rover hubeba tope la safari za miaka.

Nimefungiwa feni ya umeme, inavuma kwelikweli, bado gari linachemsha! (Tabata)

Dada yangu, chukua ukurasa wa gazeti, uweke mbele ya rejeta feni ikivuma. Ukinata, sawa. Ukipeperuka, nyaya zimegeuzwa: feni inasukuma hewa kwenda mbele na kupigana na upepo wa mwendo. Kama upepo uko sawa, angalia chaji. Magari yenye dainamo (mashine ya kizamani ya kuchaji betri) hayatoi umeme mwingi injini ikiwa taratibu, na hapo ndipo feni inauhitaji.

Volkswagen Beetle haina maji. Sasa nitajuaje kama inazidi joto? (Tanga)

Angalia taa ya chaji. Mkanda mmoja ndio unaozungusha dainamo pamoja na feni ya kupoza, kwa hiyo taa ikiwaka ukiwa njiani, simama papo hapo. Ukikuta mkanda umekatika, usisogee hata mita mia. Mengine ni usafi: mapezi ya silinda yasiwe na oili na vumbi, na mipira inayozunguka injini iwepo yote. Mipira hiyo watu huitupa wakidhani ni pambo, kumbe ndiyo inayozuia hewa ya moto ya chini isivutwe tena juu. Oili yake ni lita mbili na nusu tu, nayo pia inasaidia kubeba joto. Usiichelewe.

Gari linazima kwenye foleni mchana na haliwaki mpaka lipoe, ila mshale uko katikati. (Ubungo)

Injini yako haijachemsha. Petroli ndiyo iliyochemka. Imegeuka mvuke kwenye bomba au kwenye pampu, kabureta inakosa mafuta. Lowanisha kitambaa, kifunge kwenye pampu ya petroli, subiri dakika chache, jaribu tena. Likiwaka, umeshampata mchawi: sogeza bomba la petroli mbali na ekzosi na uweke bati la kukinga joto katikati yake.