Ruaha Mkuu haukaushwi na ukame peke yake

Ndugu, umeuliza kwa nini mto Ruaha Mkuu unakauka ilhali mvua bado zinanyesha kwenye milima ya Mbeya na Njombe. Mvua ni sehemu tu ya jibu. Profesa Japhet Kashaigili wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzake wamelichunguza sana suala hili, na mimi naona ufunguo uko Ihefu.

Maji ya mito inayoshuka kutoka milimani hadi bonde la Usangu huingia kwanza kwenye kinamasi cha Ihefu, ambacho kimekaa kama beseni. Mlango wake wa kutokea, pale N'Giriama, ni ukingo wa mwamba. Maji yakishuka chini ya ukingo ule, hata kwa upana wa kiganja, basi: kinamasi bado kina maji, lakini hakuna tone linalovuka kwenda Hifadhi ya Ruaha. Ndiyo maana mto haupungui polepole tu, unakatika kabisa, na umekuwa ukikatika karibu kila kiangazi tangu 1993.

Kiangazi mito ya milimani huleta maji kidogo, na mifereji mingi huendelea kuyachota hata mpunga ukishavunwa majarubani. Jua nalo hunywa yanayofika kinamasini. Mwaka wa mvua haba, mlango hufunga mapema zaidi.

Huko hifadhini viboko hubanana kwenye madimbwi ya tope, na tembo huchimba mchanga wa mto kutafuta maji. Inauma kuona, kwa sababu sehemu kubwa ya hili inarekebishika pale mferejini.