Anza na tundu: nyundo ndogo ya chuma niliyoitengenezea nyumbani

Nyundo yangu ya kwanza ilikuwa nzuri kuitazama. Niliikereza kwa jioni nne, nikaisugua kwa msasa mpaka uso wake ukawa unaakisi taa ya chumbani, na mwisho kabisa nikatoboa tundu la mpini. Siku ya tano nikaanza kugongea pini. Kila pigo liliacha alama ya mwezi mchanga upande mmoja, na kichwa kilitaka kuzunguka mkononi. Baada ya nusu saa kifundo cha mkono kilikuwa kinauma.

Niliipeleka mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa mzee mmoja fundi vyuma, ambaye huwa nanunua kwake vipande vya shafti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Lete nione."

Hakuigonga popote. Aliinua mpini usawa wa macho, akafumba jicho moja kama seremala anayekagua ubao, akanirudishia. "Tundu umelitoboa mwisho," akasema. "Ungelianza, ungeliona limepinda ukatupa kipande cha chuma. Sasa unatupa nyundo."

Tangu siku hiyo nimetengeneza nyundo nyingine sita, na zote nimezianza kwa tundu. Naandika kwa ajili ya mtu mwenye mashine ndogo ya kukereza kama yangu (ile inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga), inayokaa kwenye chumba cha uani na kuendeshwa na umeme wa fezi moja, akiwa pia na jiliwa, tupa kadhaa na mkaa. Huhitaji zaidi ya hapo. Sina hata mashine ya kutoboa ya kusimama.

Kuhusu chuma: usitumie kipande chochote unachokiokota. Chuma laini cha kuchomelea mageti hakikomai, na uso wake utabonyea ndani ya wiki. Springi ya gari inakomaa sana, lakini inasumbua kisu cha mashine, na ukikosea moto inavunjika kama kioo. Mimi natumia hafshafti ya gari dogo, yaani ile shafti inayozungusha gurudumu, ya unene wa milimita 24 hivi. Ni chuma chenye kaboni ya kiasi, kimezoea kubeba mzigo, na kwa wauza vyuma chakavu kinapatikana kwa bei ya kilo.

Ila hafshafti nyingi ngozi yake ya nje imekomazwa kiwandani. Pitisha tupa kabla ya kitu kingine chochote. Ikiteleza bila kung'ata, usiifunge kwenye mashine, utaua kisu. Ipashe kwenye mkaa mpaka iwe nyekundu kote, kisha ifukie kwenye debe la majivu makavu uiache mpaka kesho yake. Ikipoa taratibu hivyo, tupa itang'ata vizuri.

Sasa tundu. Hapa nitakaa kwa muda.

Kichwa ninachotaka kina urefu wa milimita 80, lakini nakata kipande cha 120, ili zile 40 za ziada ziwe za kushikwa na chaki ya mashine, kile kichwa chenye taya kinachozunguka. Nakereza kipande chote kifikie unene wa milimita 22, mizunguko 360 hivi kwa dakika kama kisu ni cha chuma cha kawaida cha mashine. Zile milimita 40 zilizofichwa ndani ya taya nazifikia kwa kukigeuza kipande. Lengo la hatua hii ni kupata mche ulionyooka, wenye unene mmoja mwanzo hadi mwisho. Ukishaanza kuuchonga shingo na mdomo (ile ncha bapa ya nyuma), hutakuwa tena na sehemu iliyonyooka ya kupimia wala ya kubania, na ndiyo maana tundu linalotobolewa mwisho hupinda.

Nikiwa bado sijaufungua mche kwenye chaki, nazima mashine, nagusisha ncha ya kisu kwenye chuma, halafu navuta sleji kubwa, ile inayobeba kisu na kutembea kwa urefu wa mashine, kuelekea kulia. Ncha inachora mstari uliolala sambamba kabisa na mhimili. Juu ya mstari huo naweka alama mahali tundu litakapokaa, katikati ya zile milimita 80.

Kisha nageuza mpangilio wote. Biti ya kutobolea inakwenda kwenye chaki, ambako kwa kawaida chuma ndicho kinachoshikwa, na mche unakwenda juu ya sleji, umelala kukatisha mashine. Nafungua kishika kisu chote, naweka vipande vya bapa chini ya mche mpaka ule mstari ulingane kimo na ncha ya biti, na uso wa mstari unatazama chaki. Kabla ya kukaza bolti, natoa biti kwa muda, nasogeza sleji mpaka mche uguse uso wa chaki kushoto na kulia kwa pamoja. Ukigusa pande zote mbili, umekaa mraba na biti. Hapo ndipo nakaza bapa za juu kwa nguvu zangu zote, kisha narudisha biti.

Naanza na ile biti fupi nene ya kuwekea kituo, kwa sababu biti ndefu ikikutana na mgongo wa duara huteleza. Inafuata ya milimita 5, halafu ya milimita 7, kwa oili na bila haraka, nikiitoa kila mara ili vinyweleo vya chuma vimwagike. Tundu la kwanza likitokea upande wa pili, nazungusha gurudumu la ile sleji inayokwenda mbele na nyuma kwa mwendo wa milimita 7.5, natoboa la pili. Kati ya matundu mawili inabaki ngozi ya nusu milimita. Usijaribu kuyaingiliza moja ndani ya jingine kwa biti, kwani biti itakimbilia kwenye uwazi na kupinda.

Gurudumu hilo lina mambo mawili ya kuangalia. Skrubu yake ina mchezo, kwa hiyo lizungushe upande mmoja tu. Na namba zake kwenye baadhi ya mashine huhesabu kipenyo, si mwendo: ukisoma 7.5, sleji imesogea 3.75 tu. Kipande changu kimoja kiliharibika kwa sababu hiyo. Pima mwendo kwa kaliba, kile kipimo cha taya cha milimita, kabla hujaamini namba.

Kabla ya kuugusa mche kwa tupa, ingiza shina la biti kwenye kila tundu, simamisha skwea (kipimo cha pembe mraba) pembeni yake, tazama mwanga. Ukiuona umepinda, kata kipande, anza upya. Najua inauma, lakini hapo umepoteza saa moja tu.

Kama limenyooka, vunja ile ngozi kwa tupa nyembamba ya mviringo, kisha lipanue mpaka upana wa milimita 8 na urefu wa 15. Usilinyooshe kama bomba. Lipe umbo la kiuno: lifungue kidogo kutoka juu, ligeuze, lifungue kidogo kutoka chini, ili katikati pabaki pembamba kwa nusu milimita au zaidi kidogo. Mpini utaingia kwa chini na kubanwa na kiuno. Kabari itakapoingia kwa juu, mti utatanuka na kujaza sehemu ya juu iliyo pana. Kichwa hakina pa kwenda tena, juu wala chini. Tundu lililonyooka hushikilia mpini kwa msuguano tu, na siku mti ukikauka kichwa hutoka na kuruka. Malizia ndani kwa msasa uliozungushiwa kijiti, na kila kona uiviringishe. Nitaeleza sababu muda si mrefu.

Umbo la nje halihitaji maneno mengi. Shika ile sehemu ya ziada kwenye chaki, punguza shingo mpaka milimita 16 kati ya uso na tundu, viringisha ukingo wa uso, na uso wenyewe uutoe tumbo kidogo sana kwa tupa na msasa ili usiache alama za ukingo. Usipitishe kisu juu ya tundu, kitakuwa kinagonga na kuruka. Kata ile ziada, kisha upande wa pili uukate mshazari kwa msumeno wa chuma, pande mbili, uumalize kwa tupa uwe mdomo bapa uliokaa kukatisha mpini. Mdomo huo ndio utakaopanulia vichwa vya ribiti, kwa hiyo usiuache mkali kama patasi. Mche wa 22 kwa 80 una uzito wa gramu 240 hivi. Nyundo zangu zikikamilika hucheza kwenye gramu 160, uzito unaofaa pini, ribiti na tindo ndogo.

Nyundo yangu ya pili niliipoteza kwenye moto. Niliipasha, nikaitumbukiza kwenye ndoo ya maji, nikasikia mlio mdogo, tik. Nilipoisafisha nikaona ufa mwembamba kama unywele umeanzia kwenye kona ya tundu, pale tupa ilipoacha mkwaruzo. Kona kali na mikwaruzo ndimo ufa unamoanzia, na tundu ndilo lenye kuta nyembamba kuliko sehemu nyingine zote. Ndiyo maana nimesema uviringishe kila kona.

Sasa nafanya hivi. Kwanza nakata kisahani kutoka shafti ileile, nakipasha na kukizamisha kwenye mafuta, halafu nakijaribu kwa tupa. Tupa ikiteleza, mafuta yanatosha. Ikiendelea kung'ata, chuma hicho kinataka maji, nami nafahamu nina hatari kubwa zaidi ya ufa. Hafshafti nyingi nilizotumia zimekomaa kwa mafuta.

Kichwa nakipasha kwenye mkaa wenye upepo wa taratibu, nikikigeuza mara kwa mara. Nina sumaku iliyofungwa kwenye waya. Chuma kikifika karibu nyuzi joto 770 za Selsiasi sumaku haikishiki tena. Hapo naongeza moto kidogo, rangi ielekee machungwa, kisha nakizamisha chote kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa vuguvugu, nikikitikisa juu na chini. Fanya kazi hii nje ya nyumba. Chombo cha mafuta kiwe cha chuma, kirefu, chenye mfuniko karibu, kwa kuwa mafuta yanaweza kushika moto. Mfuniko ndio unaouzima. Usimwage maji juu yake hata kidogo. Na watoto wasiwepo.

Kikitoka hapo kichwa ni kigumu kupita kiasi, na ukikitumia hivyo kitamega vipande vinavyoruka kama risasi. Ugumu lazima uutulize, na uutulize zaidi kwenye tundu kuliko kwenye uso. Nasugua kichwa chote kwa msasa mpaka king'ae, ili rangi zionekane. Kwenye mkaa nimeshaweka vyuma viwili vya bapa vyembamba, vinavyopita kwenye tundu. Kimoja kikiwa chekundu nakiingiza kwenye tundu na kukaa kukitazama. Joto linatoka katikati kwenda pembeni, na rangi zinatembea nalo: njano ya majani makavu, kahawia, zambarau, buluu. Chuma cha kwanza kikipoa naingiza cha pili. Kahawia ikifika kwenye uso na kwenye mdomo, karibu nyuzi 250, pale kwenye tundu panakuwa pameshapita buluu. Papo hapo nakitia kwenye maji. Sehemu hii naipenda kuliko zote. Ifanye mchana kwenye kivuli, maana taa za ndani hudanganya rangi.

Mpini wangu ni wa mpera. Mti wake ni mgumu, haupasuki ovyo, na karibu kila uani kuna tawi la kukata. Nauacha ukauke kivulini miezi mitatu, nachagua kipande ambacho nyuzi zake zimekwenda sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, nauchonga kwa urefu wa sentimita 26. Juu naupasua kwa msumeno kina cha theluthi mbili za tundu. Kuuingiza usigonge kichwa: shika mpini ukining'inia, kichwa kikiwa chini, ugonge kitako cha mpini kwa kipande cha ubao. Kichwa kitapanda chenyewe juu ya mti. Kabari nachonga kutoka mabaki ya mpingo niliyopewa na wachonga vinyago wa Mwenge. Kipande cha kidole kimoja kinatosha nyundo tatu.

Tumezoea kuloweka jembe au shoka lililolegea ili mpini uvimbe. Usifanye hivyo kwa nyundo hii. Mti uliovimba ndani ya chuma hujiponda wenyewe, na ukikauka unakuwa mwembamba kuliko ulivyokuwa. Paka mafuta ya kitani au mafuta mengine yanayokauka, basi.

Ukimaliza, vaa miwani, chukua kipande cha alumini, piga mara moja bila kulenga sana. Alama ikiwa duara dogo lililokaa katikati ya uso, tundu lako limenyooka. Ikiwa mwezi mchanga, rudi kwenye skwea. Na usiigonge nyundo hii kwa nyundo nyingine, hata kwa kujaribu. Baada ya wiki ya kazi itazame kabari: ikiwa imezama kidogo, iongezee nyingine nyembamba, ukate kilichozidi usawa wa chuma.